Si Haramu, Ni Ugeni Tu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwanafunzi anayetoka Mombasa, Tanga au Unguja kuja kusoma Uganda hupata somo la kwanza mezani, kabla ya darasani. Alipozoea wali anakuta matoke. Anakuta luwombo iliyopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Na ikifika Novemba, mwezi ambao Waganda huuita Musenene, anakuta barabarani vikombe vya nsenene, wale panzi wa kukaanga. Hapo ndipo neno zito hutoka kirahisi: "Astaghfirullah! Haramu hiyo!"

Tuuchunge ulimi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 116, Allah (s.w.t.) anatukataza kusema ovyo kuwa hiki ni halali na hiki ni haramu, tukamzulia Yeye uongo. Kuharamisha bila elimu ni kosa, kama lilivyo kosa kuhalalisha bila elimu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mjusi, nyumbani kwa mama yetu Maymuna (r.a.). Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila hakipatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haikipendi. Khalid akakivuta, akala, na Mtume (s.a.w.) anamtazama.

Tazameni adabu ya kikao kile. Mtume hakujilazimisha kula, hakukiharamisha chakula, wala hakumkemea aliyekila. Kutopenda ni haki yako. Kukugeuza kutopenda kwako kuwa sheria ya Allah si haki yako.

Na nsenene je? Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) amesimulia kuwa Maswahaba walikula nzige wakiwa safarini vitani pamoja na Mtume (s.a.w.). Nsenene ni jamii ya panzi, na Waislamu wengi wa hapa wanawala. Moyo wako usipotulia, muulize sheikh wako, usimhukumu mwenzako.

Lakini ndugu zangu, ugeni usitufanye tulegee. Ndizi pia hutengenezwa pombe, na pombe haiwi halali kwa kuitwa kinywaji cha asili. Luwombo huweza kuwa ya kuku, ya karanga, au ya nguruwe. Kwa hiyo uliza: nyama gani, nani kachinja, mafuta haya yamekaangia nini? Uliza kwa upole, kama mtu anayetaka kula, si kama askari anayepekua.

Na ukishindwa kula kilicho halali, usikunje uso mbele ya mama aliyeamka alfajiri kukupikia. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Sema "webale nnyabo", kisha kula unachokiweza. Huenda yeye hajawahi kukaa na Mwislamu mezani, na leo anaijua dini yetu kwa uso wako.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kizuri, na utulinde na shari ya ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.