Mkeka wa Kuketi na Mkeka wa Kuchanika

Masomo: Mithali 16:33, Yohana 19:23-24, Matendo ya Mitume 1:15-26



Vijana wetu wanaosoma vyuoni, hapa Musoma na kule Bunda, wameleta swali mbele ya wazee wa kanisa. Wanataka kufanya shindano la kubashiri michezo ya mpira wa kikapu ya vyuo. Kila mmoja ataandika, kabla ya mchezo wa kwanza, nani atamshinda nani hadi bingwa apatikane. Kisha hesabu itaonyesha nani amepatia zaidi. Wanauliza kama jambo hilo ni dhambi. Wapo waliojibu upesi kwamba kubashiri ni kamari, na kamari ni ya Shetani. Wapo waliosema ni mchezo tu, waachwe. Mimi naona hatuna budi kulitazama jambo lenyewe kwanza.

Desturi hii imekuzwa sana Marekani. Mashindano ya taifa ya vyuo vikuu vya huko yalianza mwaka 1939 kwa timu 8, na tangu mwaka 1985 karatasi ya kubashiria huwa na timu 64. Anayefungwa mara moja anarudi nyumbani. Michezo huchezwa Machi hadi mwanzo wa Aprili, ambayo kwetu ni majira ya Kwaresima na Pasaka. Watu maofisini, vyuoni na majumbani hujaza karatasi zao na kuzilinganisha. Nasi Watanzania tumo katika habari hiyo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 21, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu yake ilifika katika timu 4 za mwisho. Mwaka huohuo alichukuliwa na ligi ya kulipwa ya NBA, Mtanzania wa kwanza kuichezea.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu hastaafu hesabu. Timu 64 hucheza michezo 63. Kila mchezo una matokeo mawili. Ukizidisha 2 kwa 2 mara 63 utapata namba yenye tarakimu 19. Hizo ndizo njia ambazo mashindano hayo yanaweza kwenda, na moja tu ndiyo itakayotokea. Mwaka 2019 mtu mmoja wa Ohio alipatia michezo 49 ya kwanza bila kukosea. Wa 50 ukamshinda. Hakuna anayejulikana kuwahi kupatia yote.

Tena angalieni habari ya Virginia. Machi 2018 timu hiyo iliingia ikiwa juu ya wote, ikapangiwa chuo cha Baltimore kilichokuwa cha 16, yaani cha mwisho katika kundi lake. Katika mashindano ya wanaume timu ya namna hiyo ilikuwa haijapata kuishinda ya kwanza hata mara moja. Virginia ikafungwa pointi 74 kwa 54. Ikachekwa nchi nzima. Mwaka uliofuata, 2019, Virginia hiyohiyo ikawa bingwa.

Basi faida ya kwanza ya mchezo huu ni kumfundisha mtu unyenyekevu. Karatasi yako ya ubashiri ni kioo. Umeandika kwa kalamu kwamba huyu ni wa kushindwa, naye anashinda mbele ya macho yako. Je, ni watu wangapi tumewaandika hivyo katika mitaa yetu? Mtoto aliyefeli darasa la saba, mama aliyeachwa, kijana mlevi wa mwaloni: tumekwisha kuwajazia karatasi zao hadi mwisho. Lakini Bwana ndiye mwenye matokeo, na mchezo wao haujaisha.

Sasa tuje kwenye Maandiko. Biblia inazo kura za namna mbili, na zote mbili ziko karibu na msalaba. Chini ya msalaba askari walipiga kura juu ya vazi la Bwana lisilo na mshono. Siku chache baada ya Bwana kupaa, mitume nao walipiga kura, na Mathiya akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Kitendo ni kilekile. Tofauti iko wapi? Askari walikuwa wanagombea nguo ya mtu aliyekuwa anakufa, na faida ya mmoja ilikuwa uchi wa mwingine. Mitume walikuwa wameomba kwanza, wakakaa pamoja, na kura ilipokwisha hapakuwa na aliyenyang'anywa kitu. Hata Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye kura haikumwangukia, hatusomi kwamba aliondoka akiwa maskini kuliko alivyokuja. Kwa hiyo tunapouliza kama mchezo fulani ni halali, tuulize: nguo ya nani iko chini ya msalaba?

Hapo ndipo kubashiri na kubeti vinapoachana njia. Siku hizi karatasi ya kubeti inaitwa mkeka. Neno hilo linaniuma. Mkeka kwetu ni kitu cha kutandikia mgeni, cha kukalia wafiwa, cha mama kulazia mtoto. Leo kijana anasema mkeka wake umechanika, na maana yake ni kwamba ada imekwenda, au nauli ya kwenda mazoezi ya kufundisha, au fedha ya dagaa aliyotumwa na mama yake. Tumewaona. Wengine wanaacha chuo kimyakimya na wazazi wanajua baada ya muhula mzima.

Nao wanaamini wanajua mpira, kwa hiyo wanaona hawabahatishi. Haya, tuhesabu tena. Chukua mkeka wa michezo 10, na tuseme kila mchezo una nafasi 7 katika 10 ya kwenda ulivyoandika, jambo ambalo ni zuri mno. Nafasi ya yote 10 kutimia haifiki 3 katika 100. Tena kampuni hupanga malipo yake ili mwisho wa siku fungu lake libaki. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaruhusu biashara hiyo chini ya leseni na kumkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini si kila kinachoruhusiwa kinajenga.

Kwa vijana wetu, basi, jibu langu ni hili: fanyeni, lakini mtandike mkeka wa kuketi. Kwanza, asitoe mtu hata senti, wala kwa siri wala kwa jina la mchango. Pili, sheria ziandikwe na kubandikwa kabla ya mchezo wa kwanza, na karatasi zote apewe mtu mmoja mwaminifu asiyeshindana. Tatu, alama zihesabiwe mbele ya wote. Tuseme mnabashiri mashindano ya vyuo vyetu vya ualimu yenye timu 8: kuna michezo 7 na njia 128. Mchezo wa robo fainali upewe alama 1, nusu fainali 2, fainali 4. Wakilingana, atangulie aliyekaribia zaidi jumla ya pointi za fainali. Hilo nalo liandikwe mapema. Nne, tuzo iwe heshima: mshindi achague wimbo wa kufungulia ibada ya vijana, wa mwisho achemshe chai, na mshindi amsaidie kuosha vikombe. Siku ikifika mtu anaumwa kwa sababu ya matokeo, au anamnunia mwenzake, mchezo usimamishwe.

Wala msidhani kwamba mchezo usio na fedha hauna utamu. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na nyumbani kwake Butiama alilicheza na wazee wenzake. Katika bao utakula kete za mwenzako, utamcheka, utamshinda kabisa. Lakini mchezo ukiisha kete zote hurudi ubaoni, na kila mmoja huenda kwake na ng'ombe wake. Huo ndio mchezo wa jirani.

Wazazi nao nina neno kwao. Msiishie kupiga marufuku. Kijana asiye na mkeka wa kuketi nyumbani wala kanisani atautafuta ule wa kuchanika, na simu iko mfukoni mwake. Muulizeni habari za timu yake. Kaeni naye.

Tuombe. Ee Bwana, uliyevuliwa vazi lako ili sisi tuvikwe, utulinde na tamaa ya mali ya jirani. Wafundishe vijana wetu kushindana bila kudhulumiana, na sisi wazee utuzuie kuwahukumu watu kabla saa yao haijafika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.