Bao Lisilo na Kete

Januari ni mwezi wa likizo ndefu ya shule huku Australia, na Blacktown, kwa kuwa iko bara, mbali na upepo wa pwani ya Sydney, hupata joto linalowafungia watu majumbani. Siku moja ya namna hiyo, nyuzi zikiwa zimepita 40, binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliamua kuwa rafu yetu ya michezo imekuwa aibu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu namna ya kuainisha mambo, nikateuliwa kuwa msaidizi wake.

Tukashusha kila kitu sakafuni. Dhumna mbili, moja ya plastiki na moja ya mfupa. Karata zilizochanganyika hata haijulikani ipi ya pakiti ipi. Ludo tuliyopewa na jirani aliyetoka Punjab. Sataranji iliyopotelewa na farasi mmoja. Monopoly. Sanduku la Squatter, mchezo wa Kiaustralia wa mwaka 1962, nililolinunua katika duka la mitumba la hisani. Ubao wa keram, ambao hauingii rafu yoyote iliyowahi kutengenezwa na mwanadamu na kwa hiyo huishi nyuma ya mlango. Na bao la marehemu baba yangu.

Kwa miaka mingi nimefundisha kile kifungu cha Wittgenstein, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953, ambamo anatutaka tuitazame michezo ya ubao, ya karata na ya mpira, tusikimbilie kusema kuwa lazima iwe na jambo moja linaloiunganisha yote. Tukitazama kweli, asema, tutaona mifanano inayopishana, kama ndugu wa nyumba moja: huyu kachukua pua, yule mwendo. Naliona jambo hilo kuwa wazi kabisa mpaka nilipotakiwa kulipanga kwenye rafu ya mbao yenye ngazi nne. Nilipendekeza tupange kwa asili. Ludo ikatushinda hapo hapo. Imezaliwa na pachisi ya Bara Hindi, ikapewa hataza Uingereza mwaka 1896, nami niliijulia utotoni Unguja nikidhani ni yetu, na sasa imeniingilia mlangoni Blacktown mikononi mwa Mpunjabi. Iwekwe wapi?

Binti yangu hakuwa na subira na nasaba. Kigezo chake kilikuwa kimoja: kilichotimia na kisichotimia. Vilivyotimia vipande vyake vikae juu. Visivyotimia viingie katika boksi la kutolewa kando ya barabara siku halmashauri inapokuja kuchukua vitu vikuukuu. Farasi wa sataranji akawaponza wenziwe. Kisha akalinyanyua bao, akalipindua, akalitikisa kidogo.

"Baba, kete zake ziko wapi?"

Sina budi nieleze. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kwetu kete ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu ambazo mikono ya watu huzing'arisha kwa miaka. Katika bao la wakubwa kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na ishirini na mbili mkononi, ambazo hunamua moja moja. Baba alicheza hivyo kila alasiri kwenye baraza ya Kikwajuni, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliyeketi mbele yake alikuwa mtu mmoja. Sote watoto tulimwita Ami, ingawa hakuwa na damu nasi.

Baba alipofariki nilikwenda kwa siku chache. Nilikuwa nimeshaishi nje muda mrefu, nikaona haya kurudi mikono mitupu. Nikaliomba bao. Ndugu zangu hawakulitaka. Ami alikuwepo, amekaa pembeni, akasema: "Chukua, mwanangu, ni la baba yako." Nikalifunga kwa kanga. Kete sikuzichukua, kwa kuwa sheria za Australia za kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea ni kali: mbegu haziingii ovyo, na hata mbao sharti uzitangaze zikaguliwe. Nikampa Ami mfuko wa komwe, na nikajiona mkarimu.

Tangu hapo miaka tisa imepita, na bao limekaa juu ya rafu likipanguswa vumbi. Wageni hulisifu.

Kisheria sina kosa. Baba hakuacha wasia, na mali ya asiyeusia huenda kwa warithi. Ami si mrithi kwa mlango wowote. Wala siwezi kusema nililichukua bila ridhaa, maana ridhaa ilitamkwa mbele ya watu. Hata hivyo, swali la mtoto lilinifanya niipime upya ridhaa ile. Mtu wa pwani aliyelelewa akaleleka, akiwa katika nyumba yenye msiba, anaombwa kitu na mwana wa marehemu. Ana nafasi gani ya kukataa? Kinywa chake kinajibiwa na malezi yake kabla moyo haujaulizwa. Nililijua hilo, kwa kuwa nimelelewa baraza hiyo hiyo. Nadhani tunapozungumzia hiari, hasa sisi tuliosomea falsafa ugenini, tunamfikiria mtu anayelindwa na neno lake: akisema ndiyo, amekwisha. Ustaarabu wetu haukujengwa juu ya neno la mtoaji peke yake. Ulimtaka mwombaji naye ajizuie, asiombe kile anachojua hatanyimwa. Uungwana ulikuwa na pande mbili, nami niliutumia upande mmoja.

Mtu ataniuliza: Ami amepungukiwa nini? Bao jingine lipo. Ni kweli. Huko kwetu bao huchimbwa hata ardhini, na kokoto zikawa kete. Lakini hoja hiyo inanigeukia mimi. Ikiwa ubao hauna uzito, mbona niliubeba kupita bahari? Niliupa thamani ya kumbukumbu na kumnyima mwenye kumbukumbu nyingi kuliko mimi. Maana nikisema kweli, mimi ninajua kunamua kidogo tu, na mtaji wa kuzunguka ubao mara tatu hunipotea kichwani kabla haujalala. Wakati baba na Ami wakicheza, mimi nilikuwa nasoma kwa ajili ya kuondoka.

Sanduku la Squatter lilikuwa bado wazi mbele yetu, na ubao wake wa malisho na kondoo. Katika karne ya 19 neno hilo liliitwa wafugaji walioingia na mifugo yao katika ardhi waliyoiita ya Taji bila kibali, na baadaye wakawa matajiri na waheshimiwa. Waliokuwa na ardhi hiyo kabla ya Taji hawamo mchezoni. Mji tunaoishi wenyewe umepata jina lake kutokana na taasisi ya watoto wa wenyeji iliyohamishiwa hapa kutoka Parramatta mwaka 1823, juu ya ardhi ya Wadharug. Sisemi kwamba bao moja la Kikwajuni ni sawa na nchi. Kulinganisha hivyo kungekuwa kujitukuza. Nasema tu kwamba hati na haki nilizizoea kuzitenganisha darasani, kwa mifano ya watu wengine.

Binti yangu alikuwa bado anangoja. Alipendekeza tutumie gololi. Nikakataa kwa ukali usiostahili, kisha nikaona upuuzi wa ukali wangu. Baba angetumia vifungo vya shati, kama mpinzani yupo.

Jioni, kukiwa adhuhuri Unguja, nikampigia Ami. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akauliza hali ya nyumba, ya mtoto, ya joto. Nikamwambia nataka kulirudisha bao. Akanyamaza kidogo.

"Lile lina ufa kwenye kichwa cha kushoto," akasema. "Ulilipaka mafuta ya nazi?"

Sikuwahi. Akanieleza namna ya kulipaka, kwa kitambaa, lisiachwe juani. Komwe anazo, akasema, anachezea na kijana wa jirani, lakini kijana ana haraka. Kuhusu kurudisha hakujibu, na mara hii sikumlazimisha aseme ndiyo wala hapana. Kisha akauliza huko nacheza na nani.

Mtoto alikuwa sakafuni, ametia gololi sita ndani ya nyumba, anazihesabu zile za mkononi.