Kinywaji cha Idi na Bilauri Yake

Katika darsa yetu limeulizwa suala: je, kinywaji cha halali chaweza kuharimika kwa sababu ya chombo kilichotiliwa?

Asili yake ni jambo lililotokea hapa Muhuru Bay siku ya Idi ya Mfungo Mosi. Bibi mmoja aliyeingia katika Uislamu aliwaalika ndugu zake wavuvi, wasio Waislamu, ambao siku zote humwambia kuwa karamu ya Waislamu ni kavu. Akakamua nanasi na pasheni, akatia tangawizi na maji ya limau, akaandaa katika bilauri zenye miguu mirefu, na kipande cha limau ukingoni. Watoto wakakiita "kokteli". Mzee wetu mmoja, mtu wa kuheshimiwa, aliiweka bilauri chini, akasema haya ni mapambo ya walevi, akatoka. Ndugu za yule bibi wakatazamana. Mimi nilikuwapo, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza wala sikunywa.

Mzee hakusema bila ya asili. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ametaja watu wanaokusanyika wakapamba baraza, wakaleta vyombo vya walevi, wakatia humo sikanjabini, nayo ni siki na asali, wakamweka mnyweshaji wa kuwazungukia, wakaamkiana kwa ada za walevi. Kitendo chao, asema, ni haramu ijapokuwa kinywaji ni halali, kwa kuwa wamejifananisha na watu wa ufisadi. Lakini tusiyakate maneno ya Imamu njiani. Papo hapo ameeleza kuwa vazi lililo alama ya mafasiki katika nchi moja halikatazwi katika nchi ambayo watu wema hulivaa. Basi hukumu hufuata ada ya mahali. Na hapa petu alama ya mlevi ni ipi? Ni chungu katikati, na watu wamekizunguka kwa mirija mirefu. Au kikombe cha chang'aa kipitacho mkono kwa mkono. Sijamwona mlevi wa ufukweni akishika bilauri yenye mguu. Nakubali kwamba picha za mijini zimewafundisha vijana maana ya bilauri ile, na kijana aishikaye kwa kutamani alichokatazwa ana jambo la kujihasibu nalo. Bibi yule hakutamani hilo. Alitaka ndugu zake wakae.

Tena Mtume (s.a.w.) mwanzo aliwakataza watu kutia vinywaji katika vibuyu na mitungi ya namna fulani, ambamo huchacha upesi, kisha akawaruhusu vyombo vyote, maadamu hawanywi chenye kulevya. Nasi tumeikodolea macho bilauri tukausahau mtungi. Imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa tende zilizorowekwa asubuhi Mtume alizinywa jioni, na za jioni alizinywa asubuhi. Alikataza pia kuroweka tende na zabibu pamoja, na wanavyuoni wakaeleza sababu: mchanganyiko huwahi kulevya kabla ladha haijageuka, na mnywaji hudhani kuwa yu salama.

Haya nilikuwa nikiyasomesha. Na nyumbani kwangu, Ramadhani hiyohiyo, maganda ya nanasi yalirowekwa kwa sukari na tangawizi, yakafunikwa, yakakaa siku nne katika joto hili la ziwani. Ganda la nanasi lina hamira yake yenyewe, wala halingoji kutiwa nyingine. Kilipofunuliwa kilikuwa na povu, kikiuma ulimi. Nikanywa vikombe viwili nikakisifu. Mtume ametutahadharisha na watu watakaokunywa ulevi kwa jina jingine. Sikufikiri kuwa jina hilo laweza kuwa "juisi", wala kuwa mtu huyo ni mimi. Hakuna mgeni aliyetoka kwangu kwa hasira, maana kilinywewa katika vikombe vya chai.

Nilirudi kwa yule bibi nikamwuliza swali moja tu: nanasi lile ulilikamua lini? Akajibu, "Baada ya sala ya Alfajiri, Shehe, siku ileile." Nikamwomba radhi. Akaniambia ndugu zake hawajakanyaga tena kwake.

Mzee wetu nimemweleza haya yote, pamoja na habari ya mtungi wangu. Nimemwomba twende pamoja nyumba ile Idi ya Mfungo Tatu, inshallah, na tukanywe mbele ya wale wavuvi. Hajanijibu.