Nyuma ya Kaunta

Leo tusimame nyuma ya kaunta ya duka.

Sayaka Murata wa Japani alisimama hapo miaka mingi. Anapanga bidhaa, anapokea pesa, anaandika riwaya. Kesho tena: anapanga, anapokea, anaandika. Mwaka 2016 akashinda Tuzo ya Akutagawa, tuzo yenye heshima kubwa kwao. Ungedhani angeaga duka siku hiyohiyo. Hakuaga.

Riwaya iliyompa tuzo hiyo inamhusu mwanamke muuza duka. Watu wanamsakama: utaolewa lini? Kazi ya maana utapata lini? (Maswali hayo tunayajua!) Yeye anaipenda kaunta yake.

Nawe unayefungua duka sasa hivi, mtazame vizuri mteja wako wa kwanza: huenda kaunta yako nayo ina riwaya.