Fundi ni Mali ya Nani?

Mwenye karakana mmoja wa Mangobo, katika mji wa Kisangani, alimpokea kijana aliyetoka kijijini, njia ya Ubundu. Kijana hakujua hata kushika koleo. Mwenye karakana akamfundisha miaka miwili kupima chuma, kukikata na kukiunga kwa moto wa umeme. Kijana aliharibu vyuma vingi, kama wanagenzi wote wanavyoharibu, na hasara ikawa juu ya yule aliyemfundisha. Mwaka wa tatu, kijana alipoanza kutoa kazi safi, tajiri mwingine akamwita na kumwahidi mshahara mkubwa kidogo. Kijana akaenda. Yule wa kwanza akaapa mbele ya jirani zake, akisema: “Sitamfundisha tena mtoto wa mtu. Nitawangoja waliokwisha kufundishwa na wengine.”

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea kila mahali penye kazi ya mikono, na ndani yake mna swali kubwa. Nani amekosa? Mkatekumeni anayejifunza Amri ya Saba amekwisha kusikia kwamba kuiba ni kutwaa kitu cha mwingine bila haki. Basi ustadi uliomo mikononi mwa kijana ni mali ya nani? Ni wa aliyemfundisha, au wa kijana mwenyewe, au wa yeyote awezaye kuununua kwa bei ya juu?

Wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya wenye viwanda tu. Sivyo. Swali hili likijibiwa vibaya, vijana wa vijiji watakaa barazani bila kazi, na viwanda vya mji vitakosa mikono, yote mawili kwa wakati mmoja.

Jibu la kwanza: Ni mali ya aliyemfundisha

Wako wanaosema kwamba tajiri aliyefundisha amfunge kijana kwa mkataba usiokwisha, azuie hati zake, asimwache aende. Jibu hili lina chembe ya ukweli, kwa maana aliyefundisha ametumia chuma chake, umeme wake na saa zake. Lakini linasahau kwamba mtu si nyundo. Nyundo hununuliwa na kufungiwa sandukuni, bali mtu ana roho, ana nia, na ana jamaa wanaomtegemea.

Watu wa Kongo wanalijua jambo hili kwa machungu. Katika Dola Huru ya mfalme Leopold II, tangu mwaka 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuleta mpira wa msituni, na waliopungukiwa na kipimo waliadhibiwa kikatili. Baadaye, kuanzia mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ilivilazimisha vijiji vingi kulima pamba. Mikono ilifanya kazi, lakini mwenye mikono hakuulizwa neno. Nchi iliyopita katika njia hiyo haiwezi kukubali tena kwamba mfanyakazi ni mali ya mtu. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha vivyo hivyo, kwamba ni aibu kuwatumia watu kama vyombo vya kuleta faida.

Basi tajiri wa pili hakuiba mtu, kwa sababu mtu haibiwi kama mbuzi. Lakini hiyo haina maana kwamba hana kosa, kama itakavyoonekana hapo mbele.

Jibu la pili: Ni mali ya kijana peke yake

Wengine husema: “Mikono ni yake, jasho ni lake, hadaiwi na mtu.” Hawa nao wana chembe ya ukweli. Kijana yu huru kutafuta mshahara utakaomlisha yeye na wazazi wake, na mzazi mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri.

Lakini ustadi haukuota mikononi mwake kama nywele kichwani. Mtu alisimama karibu naye, akamwonyesha, akavumilia makosa yake. Akiwa alitoa neno lake kwamba atatumika miaka mitatu, naye akatoroka baada ya miwili, amevunja ahadi, na kuvunja ahadi ni kosa hata pasipokuwa na karatasi. Tena, muda aliouahidi ukiisha, bado liko deni moja lisilolipwa kwa fedha. Deni hilo hulipwa kama lile la malezi. Mtu aliyelelewa na wazazi wake hulilipa kwa kuwalea watoto wake mwenyewe, na fundi aliyefundishwa hulilipa kwa kumfundisha mwingine. Fundi anayeficha ujuzi wake ili abaki yeye peke yake mjini amekula chakula cha jana na kuwanyima wa kesho.

Jibu la tatu: Ni mali ya mnunuzi

Jibu hili ndilo linalosikika zaidi siku hizi. Husemwa: “Soko liamue. Mwenye fedha nyingi achukue mafundi.” Kwa mtu mmoja jibu hili ni tamu. Kwa mji mzima ni sumu. Kisima kinachotekwa na wote na kisichosafishwa na yeyote hujaa tope. Wenye karakana kumi wakimngoja kila mmoja mwenzake afundishe, hakuna atakayefundisha. Baada ya miaka kumi mafundi watakuwa wazee, na nyuma yao hamna mtu.

Kisangani imeonja uchungu huo. Bwawa la umeme la Mto Tshopo lilijengwa katika miaka ya 1950, na mitambo yake ni mitatu. Kwa miaka mingi baadhi ya mitambo hiyo ilisimama, nyumba na viwanda vikapata umeme kwa zamu. Sababu zilikuwa nyingi: vita, ukosefu wa vipuri, ukosefu wa fedha. Lakini funzo moja ni wazi. Mtambo waweza kununuliwa kwa mwaka mmoja; fundi wa kuutunza hapatikani kwa mwaka mmoja.

Kadhalika kiwanda cha nguo cha SOTEXKI, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kilisokota pamba, kikafuma nguo na kuzipiga chapa. Vita ilipowaka Agosti 1998, njia ya mto baina ya Kisangani na Kinshasa ilifungwa, na bidhaa hazikupita. Nguo za bei rahisi kutoka nchi za mbali nazo zikajaa masokoni. Kazi ya kiwanda ikapungua sana. Kiwanda kikipungua hivyo, si mashine tu zinazonyamaza. Mzee anayejua kuchanganya rangi huenda nyumbani na maarifa yake, na asipokuwa na mwanagenzi, siku ya kufa kwake maarifa hayo huzikwa pamoja naye.

Somo la Wagenia

Jibu lililo bora liko karibu. Halihitaji kutafutwa ng'ambo ya bahari. Mkatekumeni na aende kwenye maporomoko ya mto, kwa Wagenia. Huko wavuvi husimamisha miti mikubwa katika mashimo ya miamba, katikati ya maji yaendayo kwa nguvu, wakaifunga pamoja kwa kamba za msituni. Kwenye miti hiyo hutundikwa magubi makubwa yaliyosukwa, mdomo mpana ukielekea maji, na samaki husukumwa ndani na mkondo.

Hakuna mtu mmoja awezaye kusimamisha miti hiyo peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miti ni kazi ya wengi, lakini mtego una mwenyewe. Aliyesaidia kufunga miti ana haki ya kutundika mtego wake. Asiyeleta mti wala kamba, naye akataka kutundika mtego, huyo ndiye mwenye kosa.

Hivi ndivyo ulivyo ustadi. Mafundisho ni miti ya wote. Kazi na mshahara ni mtego wa kila mmoja. Kosa la tajiri wa pili si kwamba alimpokea kijana, bali kwamba alitundika mtego juu ya miti ambayo hakusaidia kuisimamisha. Naye tajiri wa kwanza, ingawa hasira yake ina sababu, alikosea alipoapa kutofundisha tena, kwa kuwa kiapo hicho hakikumwadhibu aliyemkosea. Kilimwadhibu kijana mwingine, ambaye bado yuko kijijini na hajui lolote.

Kapu la pamoja

Sheria ya Kongo imelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1964 iliundwa taasisi ya taifa ya kuwatayarisha watu kwa kazi, ijulikanayo kwa herufi INPP, nayo inafundisha Kisangani pia. Waajiri hutoa fungu kwa hesabu ya mishahara wanayolipa. Mwenye biashara yake mwenye wafanyakazi wasiozidi 50 hutoa 3 kwa mia. Mwenye 51 hadi 300 hutoa 2 kwa mia. Anayezidi 300 hutoa 1 kwa mia. Kwa njia hiyo hata asiyefundisha katika karakana yake hushiriki katika kufundisha.

Hapa Amri ya Saba inaonekana wazi. Tajiri anayeficha hesabu ya wafanyakazi wake ili asitoe fungu lake anaiba, na anayemwibia ni mwanagenzi asiyemjua hata kwa uso. Na mtunza kapu anayetumia fungu hilo kwa tumbo lake anaiba mara mbili, kwa maana amemwibia aliyetoa na aliyekuwa apokee.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Shule iliyo mbali na kiwanda hufundisha mashine za zamani, na kiwanda kilicho mbali na shule hufundisha mkono bila akili. Huko Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 1969 iliimarisha desturi ya zamani, kijana hushinda siku nyingine kazini na siku nyingine shuleni. Mwishoni hupimwa mbele ya chama cha wenye kazi hiyo, si mbele ya tajiri wake tu. Cheti chake hukubaliwa kila mahali. Hivyo kijana hafungwi kwa mtu mmoja, na matajiri wote wana mafundi wa kuchagua, kwa sababu wengi wao wamefundisha.

Ushirika na majirani

Ushirika wa namna hii waweza kuvuka mipaka ya nchi. Aprili 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza pamoja vitu vya betri kutokana na madini yao. Mwaka huohuo kituo cha utafiti wa betri kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, lakini kwa miaka mingi kazi ya mwana wa nchi imekuwa kuchimba, na kazi ya kutengeneza imekuwa ya wengine mbali. Kwa hiyo mapatano ya namna hiyo hayapimwi kwa sahihi wala kwa picha za wakubwa. Yanapimwa kwa mikono mingapi iliyojua jana kubeba gunia tu, na leo inajua kutengeneza.

Mwaka 2022 vilevile Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Neno hili si jepesi kwa watu wa Kisangani. Mwezi Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wao, na mamia ya raia waliuawa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Je, mtu aweza kufanya ushirika na jirani aliyemwumiza? Aweza, lakini si kwa kusahau haki. Haki husafisha kiwanja kwanza, kisha nyumba hujengwa. Na anayeingia katika ushirika bila ustadi hataingia kama mwenzi. Ataingia kama mchukuzi wa mizigo. Kwa sababu hiyo kumfundisha kijana wa Kisangani leo ni njia mojawapo ya kulinda heshima ya mji wake kesho.

Wajibu wa kila mmoja

Tajiri afundishe, au atoe fungu lake kwa uaminifu. Na anapompokea fundi wa mwenzake, azungumze kwanza na mwenzake. Kijana atimize muda aliouahidi, kisha aende kwa amani baada ya kuaga, na popote aendapo amfundishe mmoja. Wazazi wasimharakishe mtoto kuacha uanagenzi kwa ajili ya fedha kidogo za leo. Nao wasiwaache mabinti nyuma, kwa maana chuma hakimwulizi anayekiunga kama ni mwanamume au mwanamke. Wakubwa wa nchi walinde kapu la pamoja kama mlinzi alindavyo ghala la mbegu.

Basi fundi ni mali ya nani? Fundi si mali ya mtu. Ustadi wake ni amana: aliupokea kutoka kwa waliomtangulia, anautumia kwa riziki yake, na anawadaiwa wale watakaomfuata.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini tajiri wa pili hakuiba mtu, na hata hivyo ana kosa?
2. Kijana anayetaka kuondoka kwa haki afanye nini kwanza?
3. Katika kijiji hiki, ni ustadi gani unaojulikana na mzee mmoja tu? Nani atakwenda kujifunza kwake kabla hajafa?