Nyama Isiyo na Mwenyewe

Wanangu walitamani baga ya jibini. Jioni moja, hapa Dodoma, nikawakaangia. Nyama ya kusaga niliitia chumvi na pilipili manga, nikaibonyeza iwe bapa, nikaibandika kikaangoni juu ya jiko la mkaa. Nilipoigeuza niliiwekea jibini, nikafunika hadi likayeyuka. Kila mtu akapata baga moja, sawa kwa sawa.

Mama akaitazama yake. “Mwanangu, hii ni nyama ya wapi?”

“Ya sokoni, mama.”

“Sikuulizi soko. Ni paja au kidari?”

Sikuwa na jibu. Kwetu Wagogo, kwa jadi, ng’ombe akichinjwa viungo vyake hugawanywa kwa ndugu na wakwe kulingana na nafasi zao. Kwa kipande chako unajua wewe ni nani kwa nani. Nyama iliyosagwa haimjui mtu.

Je, haki ni kupata sawa, au kupata kilicho chako? Mgawo wa zamani siulilii; nilipokuwa binti mdogo nilingoja mabaki. Lakini usawa usiomtambua mtu nao huacha njaa yake.

Sasa baga ya kwanza kutoka jikoni ni ya mama. Ukubwa ni ule ule. Ila hiyo ina mwenyewe.