Nguvu na Lumbesa

Sisi vijana wa Buzuruga tunaoanza kunyanyua vitu vizito tunajitengenezea vyuma: makopo mawili ya zege na bomba katikati. Mwanagenzi huanza na uzito mdogo, mgongo wima, akaongeza kidogo kidogo. Huko Marekani, mwaka 1977, watu wenye miraba minne walianza kushindanishwa, wakashangiliwa. Lakini kuli wa sokoni anabeba lumbesa ya kilo 100 na ushee, kimya. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 mwisho uwe kilo 55.

Tofauti iko wapi, ndugu msomaji? Mimi uzito nauchagua, nikichoka natua. Yeye huchaguliwa na tajiri. Basi mwenye hiari ya kutua anacheza tu. Asiye nayo ndiye anayestahili makofi, na kuliko makofi, gunia la haki.